Usingizi wa Mang'amung'amu

Kuna usingizi na usingizi. Kuna ule wa mtoto aliyeshiba maziwa, hata ngoma ikipigwa kando ya sikio lake hageuki. Kisha kuna ule wa mang'amung'amu, macho yamefumba lakini roho iko mlangoni inasikiliza. Ninayotaka kuwasimulia ni habari za mashine iliyokuwa ikilala usingizi wa aina hii ya pili, na habari zangu mimi, niliyeutumia usingizi huo kumsingizia mwenzangu.

Mwanzoni mwa mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kilinipa kazi ya kupiga chapa makala za jarida hili mnaloshika. Sikuchaguliwa kwa ubingwa. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa na tarakilishi, tena ile ya kubebwa mkobani ambayo mwalimu wetu hutaka tuiite kipakatalishi na sisi kule mtaani huiita laptopu tu. Yenyewe si yangu, ni ya Abti. Kwa walimu wetu waliotoka mbali: abti ni ndugu wa kiume wa mama, na yeye pia huniita mimi abti, maana kwa Wasomali jina hilo la ujamaa humrudia aliyelitoa. Basi mkipita dukani mkasikia "Abti, lete waya," na jibu "Haya, Abti," msidhani ni watu wawili wanaogombania cheo kimoja.

Abti hutengeneza simu katika Suq Mugdi, hapa Garissa mjini. Jina hilo maana yake ni soko la giza, ingawa mchana jua la pale humtoa mtu machozi. Mashine aliinunua Eastleigh, Nairobi, ikiwa kuukuu na tupu, haina mfumo wowote ndani. Mfumo wa kulipia ungemla faida yake. Kwa hiyo aliitilia Linux, ambayo haiulizi pesa.

Linux, kwa wasioijua, ni mfumo ambao msimbo wake uko wazi: kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kumgawia jirani. Kiini chake kilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, akiwa na umri wa miaka 21. Huo ni umri wa kaka zetu wanaokaa barazani wakingoja kazi. Aina tuliyo nayo sisi ni ndugu mwepesi wa Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno ubuntu ni la lugha za Kinguni za kule kusini, na mwanachama yeyote wa chama chetu ataona upesi kwamba ni jamaa wa neno letu utu. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya kuandikia na kupiga hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikiitwa Jambo OpenOffice. Nilipolisoma hilo nilijivuna kana kwamba nilishiriki, na hali sikuwa hata nimezaliwa.

Haya, turudi kwenye shida.

Kulikuwa na kijana mmoja darasani kwetu, mkimya, anayekaa karibu na dirisha. Jina lake sitalitaja. Familia yake ilihamia mjini baada ya mvua kukosekana misimu mitano mfululizo, kati ya mwaka 2020 na 2022, na mifugo yao mingi kufa. Aliandika kurasa nne kwa kalamu ya wino juu ya ngamia wao wa mwisho na siku baba yake alipompeleka sokoni. Nawaambieni kweli, nilizisoma mara mbili kabla ya kuanza kuzipiga chapa, na mara ya pili nilisoma polepole makusudi ili zisiishe.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Baada ya masomo nilipitia kwa Abti, nikaketi nyuma ya kaunta kati ya simu zilizofumuliwa matumbo, nikachapa. Nilitumia programu ndogo isiyo na mapambo, kwa sababu ile kubwa huchukua muda kufunguka kama mzee anayeinuka kitini. Ile ndogo ina kasoro moja: haijihifadhii kazi yenyewe. Usipobonyeza, basi. Nilipiga neno la mwisho, adhana ya magharibi ikaanza, na papo hapo stima ikapotea soko zima. (Nje ya mji wetu kuna mitambo ya jua ya megawati 54.66, iliyozinduliwa mwaka 2019, lakini umeme wake huingia katika gridi ya taifa, na magharibi jua limekwisha kwenda zake.) Nikafunga kifuniko haraka haraka. Taa ndogo ya ubavuni ikaanza kupepesa, nikajua imelala.

Tarakilishi inapolala haizimiki. Kazi yote uliyokuwa ukiifanya hubaki katika kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo huhitaji umeme kidogo tu, tone la kuiweka hai. Ukifunua kifuniko, unakuta kila kitu pale ulipokiacha. Lakini tone hilo likikatika, kila kilichomo hutoweka kama maandishi ya mchangani.

Yale makaratasi ya mwenzangu nikayatia kwenye rundo la karatasi kuukuu nyumbani. Kazi si nilikwisha imaliza? Rundo hilo ni la Hooyo, mama yangu, anayeuza sambusa na mahamri alfajiri kwenye kituo cha mabasi, naye hufungia wateja kwa karatasi za madaftari yetu ya zamani.

Usiku niligusa mkoba nikauona una moto. Sikushtuka. Garissa kuna nini kisicho na moto? Hata maji ya mfereji huja yamekwisha chemka nusu.

Asubuhi nilipoifungua, kioo kilibaki cheusi. Nikaichomeka ukutani, ikawaka upya kama mgeni ambaye hatujawahi kuonana. Makala haikuwepo. Nilitafuta kila mahali ninapopajua, kisha nikakumbuka makaratasi. Wacha we! Nilitoka mbio hata viatu sikufunga kamba. Nilimkuta Hooyo kituoni akimpa msafiri sambusa mbili, na karatasi iliyozifunga ilikuwa na mwandiko ninaoujua. Nilimwomba yule mzee anipe karatasi yake. Alinitazama kama anayetazama mwenda wazimu, akahamishia sambusa zake katika leso, akanipa. Ilikuwa ukurasa wa tatu, mafuta yameupenya mpaka maneno ya upande mmoja yakaonekana upande wa pili. Zile kurasa tatu nyingine zilikuwa zimekwisha panda mabasi.

Jumatatu Mwalimu mlezi wa chama aliniuliza, "Ile makala ya ngamia iko wapi?"

Nikasema, "Hakuleta, Mwalimu."

Nilisema hivyo tu, maneno mawili na heshima juu yake. Ilikuwa rahisi mno, kwa sababu wiki hiyohiyo yule kijana hakuonekana shuleni. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Balambala, na baba yake alimwita akamsaidie mbuzi wachache waliopata kununua upya. Hakuwepo wa kunikanusha. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema, "Nilidhani yule ni mtu wa kutimiza ahadi." Ule ukurasa wa tatu wakati huo ulikuwa ndani ya mkebe wangu wa hesabu, umekunjwa mara nne, unanukia vitunguu.

Sasa Abti si mtu wa kuacha kifaa kimshinde. Kwanza alishuku betri, akaitoa, akaipima kwa mita yake, akatia nyingine ya mashine ya aina ileile iliyokufa kioo. Mambo yakawa yaleyale: ukiifunga na kuiacha usiku, asubuhi ni maiti. Akaniambia niwe naizima kabisa kila ninapomaliza. Ushauri mzuri, lakini mimi nilikuwa na kinyongo. Nilitaka nijue ni kitu gani kilichonikosesha, nikitumaini, nadhani, kwamba nikikijua kosa litahama kutoka kwangu likae juu yake.

Jumapili jioni, wateja wakiwa wachache, tulifungua daftari la mashine. Linux huandika mengi yanayopita ndani yake kwa saa, dakika na sekunde, na kuna amri iitwayo journalctl ya kulifungua daftari hilo. Tuliitafuta Alhamisi ile. Saa 18:24, kifuniko kimefungwa. Mstari uliofuata ulisema usingizi umeanza, na katika mabano aina ya usingizi wenyewe, s2idle. Dakika tatu mbele: usingizi umekwisha. Kisha umeanza. Kisha umekwisha. Njia nzima ya kutoka sokoni hadi bulla kwetu mashine ilikuwa ikilala na kuamka mgongoni mwangu, nami sina habari. Mstari wa mwisho ulisema imelala tena, saa moja na dakika kumi usiku. Baada ya hapo hakuna kitu mpaka Ijumaa asubuhi nilipoiwasha.

Abti alinyamaza kidogo. Kisha akauliza bila kuniangalia, "Abti, hapa inaonyesha uliifunga saa kumi na mbili na dakika ishirini na nne ukiwa na kazi ndani. Mwalimu wako ulimwambia hivyo?"

Nikajifanya nasoma skrini.

Hakunishika zaidi. Alirudi kwenye mashine, nami nikamshukuru moyoni kwa hilo. Kilichokuwa kikiiamsha tulikiona upesi: kipokezi cha kipanya kisicho na waya, kidogo kama punje ya hindi, nilichokuwa nimekiacha kimechomekwa ubavuni. Kipanya chenyewe kilikuwa mkobani kati ya vitabu, na kila nilipopiga hatua kilitikisika, kipokezi kikapiga hodi, mashine ikaitika. Tukakichomoa. Tukailaza tukaangalia saa. Haikuamka hata mara moja. Nilikaribia kupiga vigelegele, lakini Abti aliweka kiganja juu yake akasema bado ina homa. Baada ya saa moja tulifunua: betri ilikuwa imeshuka kutoka 74 hadi 65. Kwa mwendo huo, usiku mmoja ungeimaliza hata kama haikuamshwa na mtu.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mashine nazo zina usingizi wa aina mbili. Katika ule wa s2idle, programu husimamishwa na vifaa hutulizwa, lakini ubongo wa mashine haukatiwi umeme. Huinamisha kichwa tu, na kifaa kimoja kikikataa kutulia, betri huliwa na hakuna anayelalamika. Katika ule wa pili, unaoitwa deep, karibu kila kitu hukatiwa umeme isipokuwa ile kumbukumbu ya muda. Ndio usingizi wa mtoto aliyeshiba. Miaka hii watengenezaji wengi wanapenda ule wa kwanza ili laptopu iwe kama simu, ukiigusa tu iwe macho, na baadhi ya mashine hazina tena ule wa pili. Bahati yetu, yetu ilikuwa na zote mbili. Kuna faili dogo liitwalo mem_sleep, na ukilisoma linakutajia aina zilizopo, iliyochaguliwa ikiwa ndani ya mabano. Mabano yalikuwa yameikumbatia s2idle. Tukaandika deep mahali pake, tukafunga kifuniko.

Taa ilibadilika. Badala ya kupepesa kwa wasiwasi, iliwaka polepole na kuzimika polepole, kama kifua cha mtu anayepumua. Kiganja cha Abti hakikuhisi joto. Saa moja nzima ikala asilimia moja tu.

Lakini si mnajua, ukimtibu mgonjwa mguu, analalamikia mkono. Tulipofunua, kila kitu kilikuwepo, maandishi yapo, saa inatembea, ila kishale kimeganda katikati ya kioo. Padi ya kugusa ilikuwa bado imelala! Ilibidi niende saiba kesho yake nikasome, na huko niliona kwamba tatizo hilo si letu peke yetu. Dawa yake ni kuiondoa ile programu ndogo inayoendesha padi, iitwayo psmouse, kisha kuirudisha, ndipo padi huzinduka. Nilijaribu kwa mkono ikafaulu. Nikaandika mistari mitano katika faili, nikaiweka kwenye folda ambayo mfumo huitazama kila unapolala na kuamka, ili kazi hiyo ifanyike bila mimi. Ile mistari mitano ndiyo programu ya kwanza niliyoandika katika maisha yangu, na sitakataa mtu akitaka kunipongeza.

Shida ya mwisho ilikuwa ya kijinga, nami ndiye niliyeileta. Lile neno deep tuliloandika hudumu mpaka mashine izimwe. Ikiwashwa upya inarudia mazoea yake. Ili lidumu, lazima liandikwe kwenye mstari ambao kiini husomewa wakati wa kuwashwa. Niliuandika, nikawasha upya, tukarudi kwenye s2idle. Nikaandika tena, vilevile. Siku mbili nilihangaika, nikaishutumu mashine mbele ya wateja wa Abti, mpaka yeye akaja akasoma mstari wangu kwa sauti, herufi moja moja, kama mwalimu wa madrasa. Katika neno default nilikuwa nimepishanisha herufi mbili. Mashine haikunung'unika wala haikuniambia nimekosea. Ilinyamaza, ikaendelea na tabia yake ya zamani.

Nilirekebisha. Usiku huo niliilaza ikiwa na asilimia 81, nikaiweka chini ya kitanda. Niliamka mara tatu kuigusa. Ilikuwa baridi kama mtungi. Kwa adhana ya alfajiri niliifunua, ikasema 78.

Mngedhani ningefurahi. Nilifurahi kwa muda wa kunywa chai. Kisha nikaona kwamba mashine imepona na mimi bado nina ukurasa wa sambusa mkebeni. Nilikuwa nimeijua sababu yote, kipokezi, s2idle, na hata padi, lakini hakuna kati ya hivyo kilichofungua mdomo kusema "Hakuleta, Mwalimu." Wala hakuna kilichonikataza kubonyeza kuhifadhi.

Nilikwenda ofisini wakati wa mapumziko ya saa nne. Nilikuwa nimepanga kuanza na habari za usingizi wa aina mbili ili nifike kwenye kosa langu polepole, nikiwa nimekwisha kuonekana mwerevu. Nilipofungua kinywa nikasema tu, "Mwalimu, alileta. Nilimsingizia." Nikaweka ule ukurasa mezani. Mwalimu aliufungua, akausoma wote, mafuta na yote. Nilikuwa nangoja kiboko cha maneno. Akauliza jambo moja: "Yeye mwenyewe anajua?"

Hakujua. Mwalimu akanirudishia karatasi, akasema nafasi ya makala hiyo haitajazwa na nyingine mpaka mwisho wa muhula.

Abti ana jamaa mwenye duka huko Balambala, na ilijulikana kwamba yule kijana hufika dukani siku za Ijumaa baada ya swala. Basi Ijumaa iliyofuata niliketi palepale nyuma ya kaunta, simu ya Abti mbele yangu, mashine imefunguliwa. Tulisalimiana. Alinipa habari za mbuzi, wako kumi na wanne, wawili wana mimba. Nikamweleza yote bila kupumua. Upande wa pili kukawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Sambusa za nani?" akauliza.

"Za mama."

"Zina nyama au viazi?"

"Nyama."

"Afadhali," akasema. Kisha akanyamaza tena, na safari hii kimya kile kilikuwa na uzito. "Ile ilikuwa nakala pekee. Baba hajui kwamba niliiandika." Sikuwa na la kusema. Akasema, "Soma iliyobaki."

Nikamsomea ukurasa wa tatu. Palipopenya mafuta nilikisia, naye akanisahihisha: hapo si "alilia", hapo ni "alikohoa". Nilipofika mwisho alisema subiri, nikamsikia akimwambia mtu amletee maji. Halafu akaanza tangu mwanzo, polepole, nami nikipiga chapa. Haikuwa ileile. Yeye mwenyewe alisema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, na mimi niliyeisoma mara mbili najua anasema kweli. Lakini kulikuwa na jambo la kengele ya shingoni ambalo kwenye ile ya kwanza halikuwemo, akasema alikuwa ameona haya kuliandika.

Tulikuwa katikati ya sentensi vocha ilipoisha. Nikabonyeza kuhifadhi mara tatu, nikanakili kwenye flashi, ndipo nikafunga kifuniko. Taa ikaanza kupumua. Jumamosi asubuhi nilifunua, na kishale kilikuwa kikipepesa palepale, baada ya neno "akageuka". Aligeuka nani, baba au ngamia, ataniambia Ijumaa.